Itika Ukiitwa Kutoka Kwenye Moshi

Siku ile nikiikumbuka, mwanangu, harufu ya mpira unaoungua hunirudia puani. Uhuru ulikuwa haujafika, ila kila baraza ilikuwa ikiuzungumza. Mimi na mama tukiuza mahamri na mbaazi langoni mwa nyumba ya kuwekea magari, kule Changamwe. Zamani ilikuwa ghala. Mwenyewe akaitia ghorofa na njia ya mteremko ya kupandishia magari. Yalipangwa yamebanana hata mtu akipita ubavuubavu.

Kwa kubanana huko palikuwa na desturi. Dereva akiacha gari juu, havuti breki ya mkono, haweki gia, wala hafungi mlango. Gurudumu hutiwa kabari ya mti, basi. Likitakiwa gari la nyuma, vijana huyasukuma ya mbele kwa mikono.

Ndugu yangu Athumani, babu yako aliyemzaa mamako, aliikataa desturi hiyo. Alikuwa na teksi. Mama aliuza dhahabu zake za arusi ili aipate, naye akaipenda mpaka tukamcheka kwamba ataiposa. Aliogopa watu wataikwaruza. Kwa hiyo alivuta breki, akafunga milango, na ufunguo akautia mfukoni.

Asubuhi moja alikuwa kwetu langoni akinywa chai. Huko juu, gari lililokuwa ubavuni mwa teksi yake likashika moto. Vijana wakayasukuma magari ya jirani, yakateremka salama, lakini teksi ya Athumani haikutikisika. Mzee Kombo, msimamizi wa pale, akawateremsha watu wote na kutuma mtu akaite zimamoto. Athumani kusikia teksi yake ndiyo iliyobaki juu, akatupa kikombe, akapanda mbio. Hatukuwahi hata kumshika shati.

Dari ilikuwa fupi, na moshi ulikuwa mweusi, umeshuka mpaka chini. Mama akataka kumfuata. Mzee Kombo akamzuia.

"Bi Mwanahawa, wallahi sikuachi upande huko juu. Lakini mwite. Kule haoni mbele wala nyuma, hana cha kufuata ila sauti yako." Kisha akawageukia watu. "Nyamazeni nyote!"

Mama akaita vile vile alivyokuwa akituita nyumbani chakula kikiiva. "Athumani! We Athumani!"

Ujue, mwanangu, kwetu ukiitwa na mama huulizi kuna nini. Mwanamume huitika labeka, sisi wasichana abee, na unaacha ulichoshika, unakwenda. Hilo mama hakuwa na mchezo nalo. Akaita tena, na tena, sauti ikaanza kumkauka. Mimi nilikuwa nimeuma ncha ya leso yangu, nikilia.

"Labeka, mama!" Sauti ilitoka mbali, imejaa kikohozi.

"Njoo!"

"Labeka!"

Kila mama akiita, Athumani aliitika kwa karibu zaidi, hata tukamwona akitambaa kwenye mteremko, ufunguo bado mkononi. Nyuma yake vioo vya teksi vikapasuka. Akaanguka miguuni pa mama.

"Mama, dhahabu zako zimeungua."

Mama akampangusa masizi kwa leso. "Zile nilizivaa tu, Athumani. Wewe nilikuzaa." Halafu, alipoona anapumua vizuri, akamgombeza. "Na hiyo breki uliivutia nini? Kuambiwa huambiliki!"

Tangu hapo babu yako aliendesha magari ya watu, na mama hakuvaa dhahabu tena. Sikumsikia akizijutia hata siku moja.

Sasa nawe umepata kazi kwenye jumba la magari, ghorofa juu ya ghorofa. Nimefurahi, na nimeogopa. Desturi ya kazi ukiikuta, uliza imewekwa kwa nini kabla hujaidharau. Moto ukiwa mdogo, chombo cha kuuzimia unacho na njia ya kutokea iko nyuma yako, uzime. Moshi ukianza kukushukia, inama, toka, waite zimamoto, wala usirudi hata gari liwe la nani. Mwenye gari atalia, kisha atanyamaza. Mamako hatanyamaza.

Mungu akukinge na moto wa hapa na wa kesho akhera, akupe riziki ya heri, akurudishe nyumbani kila utokapo. Na sisi tunaokupenda tukikuita, mwanangu, acha ulichoshika, uitike, uje.