Adui Saa Tisa

Hakuna mtu wa Ganako aliyekufa mara nyingi kama mimi, na makaburi yangu yote yako nyuma ya duka moja la Karatu mjini, kati ya magunia ya chumvi na madebe ya mafuta ya taa. Nilikuwa nakufa nikitoka shule, kabla ya kwenda kuchota maji. Mama akiniuliza nimechelewa wapi, namwambia nilikuwa msibani. Sikumdanganya sana.

Mwenye duka alikuwa na mpwa wake aliyerudi kutoka Maskati na suruali pana, manukato ya kufukuza nzi, na mashine. Mashine yenyewe ilikuwa kama taipureta iliyokatwa kichwa. Unaichomeka kwenye televisheni ndogo, unaweka kaseti, inalia kama paka aliyebanwa na mlango, halafu kioo kinakuwa cheusi na nyota zinaanza kukujia usoni. Jenereta la duka liliwashwa alasiri ili soda zipoe, likazimwa mwenye duka akienda kuswali magharibi. Katikati hapo mpwa alituachia tucheze, mradi tumsaidie kupanga magunia.

Mchezo wenyewe ulikuwa hivi. Una chombo chako huko angani, uko peke yako, na adui wanatoka pande zote. Ukiwapiga au ukawakwepa, mbali kabisa kinatokea kituo chenu, kidogo kama kisoda, na una ruhusa ya kuingia humo upumzike. Hakuna kati yetu aliyewahi kukifikia. Gia unayoshika mkononi nayo ina kichaa chake: ukiisukuma mbele chombo kinainama, ukiivuta kinapanda. Kwa hiyo ukiogopa ukajivuta nyuma, kama mtu yeyote mwenye akili zake, unajikuta umewaonyesha adui tumbo.

Rafiki yangu ndiye alikuwa macho yangu. Alikuwa Mmasai wa Malambo. Baba yake alikuwa akileta ng'ombe mnadani Karatu, akajuana na baba yangu, ambaye naye alikuja zamani kutoka Singida kuchuma kahawa na hakurudi tena, basi akamwacha mwanawe kwetu asome. Tulilala kitanda kimoja, miguu yake puani pangu. Kiingereza alikijua kuliko darasa zima, na walimu kadhaa nawaweka humo humo. Tukagawana kazi: mimi naendesha, yeye anasoma maandishi yanayopita chini ya kioo haraka kama nyoka anayevuka barabara.

Muhula ule alikuwa na haraka. Baba yake alituma salamu kwamba mnada ujao anakuja kumchukua, shule basi, akachunge. Rafiki yangu hakulia. Alisema tu, tukiwa tunaosha miguu uani:

"Mimi nataka nione mle ndani kuna nini kabla sijaondoka. Kwenye kituo. Niingize, bwana."

"Nitakuingiza," nikasema. "Nitakuingiza mpaka jikoni."

Maneno ni bure.

Adui wakitokea, mashine inasema wako saa ngapi. Mpwa alitueleza: jifanye umekaa katikati ya uso wa saa. Namba kumi na mbili iko mbele yako, sita mgongoni, tatu kulia, tisa kushoto. Hata mbuzi angeelewa.

Basi kioo kinaandika kwamba adui yuko thrii oklok. Rafiki yangu anapiga kelele, "Adui saa tisa!" Mimi nakata gia kushoto, kwenye tisa. Kushoto hakuna kitu, nyota tu zinanishangaa. Kufumba na kufumbua nimepigwa ubavu wa kulia, kioo kizima cheupe.

"Si umesema saa tisa?"

"Ndiyo, saa tisa!"

"Saa tisa hakuna mtu!"

"Basi hujui kuendesha. Kaendeshe punda."

Tunaanza upya. Kioo kinaandika twelvu oklok. "Saa sita!" Nageuka nyuma kwa hasira zangu zote, kumbe adui yuko mbele, nikapigwa mgongoni kama mwizi wa kuku.

Tulikwenda hivyo siku nyingi. Nilishasema wazi kwamba hao adui wanajua Kiswahili: wakisikia ninavyoelekezwa, wanahama. Rafiki yangu alisema wangekuwa na akili hiyo wasingepigana na mimi, wangenisubiri nijigonge.

Halafu alasiri moja, mashine ikiwa bado inalia paka wake, mpwa akauliza saa kutoka kule mbele anakopimia sukari. Kulikuwa na saa ya ukutani juu ya mlango. Rafiki yangu akaitupia jicho.

"Saa tisa na ushee."

Nami nikaangalia. Mshale mfupi ulikuwa kwenye tatu.

"Wewe," nikamwambia. "Hiyo ni saa tisa?"

"Kwani wewe unaona ngapi?"

"Mshale uko kwenye tatu!"

"Ndiyo. Thrii oklok. Saa tisa." Kisha akaongeza polepole, kama hakimu anayesoma hukumu yake mwenyewe, "Mwalimu alisema ukitafsiri, ongeza sita."

Ni kweli alisema. Mwalimu wetu wa Kiingereza alitufundisha saa kwa fimbo: Mzungu akisema tatu, wewe sema tisa, ukikosea lete mkono. Rafiki yangu hakuwahi kuleta mkono. Alikuwa ananitafsiria sahihi kabisa, na kila usahihi wake ulikuwa umeniua.

Tulicheka mpaka tukakaa sakafuni. Tukaanza mchezo tukiwa wapya. Thrii oklok. Yeye kwa kunihurumia akaacha kuongeza, akasema, "Saa tatu!" Mimi nami kwa kumhurumia nilikuwa nimeamua kimoyomoyo kwamba kuanzia leo nikisikia tatu ni tisa. Nikakata kushoto. Nikafa.

"Sasa kule umefuata nini?"

"Nimekutafsiri!"

"Nani kakutuma?"

Tukaapa kutotaja saa tena. Kulia, kushoto, mbele, nyuma, kama tunamwongoza dereva wa lori anayerudi kinyumenyume. Na kuanzia hapo, wallahi, tukaanza kuishi.

Ndiyo hivyo ikafika siku ya kuamkia mnada. Tulipanga magunia mbiombio, tukakaa. "Kulia." Nikampata. "Nyuma, nyuma, shuka!" Nikasukuma gia, risasi zikapita juu yetu. Rafiki yangu hakuwa anapiga kelele tena. Alisema taratibu tu, na mkono wangu ulikuwa unafika kabla sijafikiri. Kituo kikatokea, kisoda kile kile. Kikawa sahani. Kikawa sufuria. Katikati yake ukaonekana mstari mweupe ambao hatukuwahi kuuona.

"Mlango," akasema, kwa sauti ndogo sana.

Kukawa na giza kidogo, kwa sababu mtu alikuwa amesimama mlangoni kwetu. Nikasikia fimbo ikigusa sakafu. Baba yake alikuwa amekuja siku moja kabla.

Rafiki yangu akainuka. Kwao kijana hamsalimii mzee kwa mdomo tu. Anamwendea, anainamisha kichwa, na mzee anamwekea kiganja utosini. Akainama. Baba akamgusa, wakasemezana kidogo kwa Kimasai. Mimi nilibaki na kioo, na maandishi yalikuwa yanapita, na nilikuwa siwezi kuyasoma na kuendesha kwa pamoja. Kisha mzee akageuka kwangu. Nimekaa na mwanawe kitanda kimoja, kwa hiyo mimi pia ni mtoto wake. Alinyoosha kiganja, akangoja.

Niambie ungefanya nini. Mstari mweupe ulikuwa umeshajaa kioo. Kiganja nacho kilikuwa pale hewani, cha mzee aliyetembea kutwa.

Nikaachia gia, nikainamisha kichwa. Kiganja kilikuwa cha moto na kizito. Nyuma yangu nikasikia ule mlio wa kufa.

Tulipogeuka kioo kilikuwa cheupe.

"Kile kitu kimeenda wapi?" mzee akauliza. Alikuwa amekiona.

"Kimekufa, yeyo," rafiki yangu akaanza, akajisahihisha, "baba." Yeyo ni mama kwao. Siku nyingine ningeicheka hiyo mpaka Pasaka.

Mimi ndiye mtu ambaye mwalimu wa zamu ananikwepa kwa sababu ya mdomo wangu. Nikasema, "Shikamoo mzee. Mzee, angemaliza tu huu mwaka. Ana akili huyu. Sisi wote tunamwibia majibu."

"Marahaba." Akavuta shuka kidogo, akanionyesha goti lake. Lilikuwa limevimba kama kibuyu. "Huu mguu umekataa, mwanangu. Ng'ombe wanatembea. Nani atawafuata, wewe?"

Hakunigombeza. Aliuliza kweli, akanisubiri nijibu.

Jenereta likazimwa. Kesho yake, ng'ombe walipokwisha kuuzwa, wakapanda lori la watu wa mbuzi. Rafiki yangu alikuwa ameshavaa shuka, na yale mashati ya shule aliniachia mimi, ingawa mikono yake inaniishia kiwikoni.

Mpwa aliendelea kunipa zamu. Nikamuuliza kama yeye amewahi kuingia kituoni. Akasema hajawahi, wala hamjui aliyewahi, hata huko Maskati. Muda si mrefu akaondoka na mashine yake.

Mnada uliofuata, mmoja wa wale watu wa mbuzi alinikuta nimesimama kwenye lori lao.

"Wewe ndiye wa Ganako? Kijana wa Malambo anakusalimu. Ameniagiza nikuulize kuna nini mle ndani. Ndani ya nini, sijui."

Nilitaka kumtungia. Nina uongo wa kutosha wilaya nzima. Ningeweka humo taa, ngazi, ubwabwa na askari wanaocheza dansi. Nikafungua mdomo, haukutoka hata mmoja.

"Mwambie bado," nikasema.

"Bado nini?"

"Bado tu."

Akapanda juu, akakaa na mbuzi wake.