Sikio la Chumba cha Simu

Walimwita Sikio, na kwa miaka mingi alilivaa jina hilo kama mtu avaavyo pete: haitazami, lakini anajua ipo. Mkuu wa zamu, aliyekuwa mdogo kwake kwa umri na mkubwa kwake kwa cheo, alimwita Mama Sikio. Madereva wa magari ya wagonjwa, ambao wengi hawakuwahi kumwona uso, walimwita Sikio tu, kwa heshima waliyonayo watu kwa sauti ambayo haijawahi kuwapoteza.

Chumba chao kilikuwa ghorofani, juu ya gereji ya zimamoto. Kilinuka kahawa iliyopashwa moto mara nyingi na vumbi linaloungulia ndani ya mashine. Dirisha lilishikiliwa na kipande cha ubao, maana feni ilikuwa imekufa na hakuna aliyejitokeza kuizika. Humo ndimo simu zote za dharura za mji zilimoishia: moto, ajali, uchungu wa uzazi, mzee aliyeanguka bafuni.

Zamani kazi ilikuwa na staha yake. Simu za waya zilikaa mahali pamoja kama mti. Ikilia, unajua ni nyumba ipi. Kisha watu wakahamia simu za mkononi, na sauti zikaanza kuingia bila miguu.

"Uko wapi?"

"Hapa nyumbani."

"Nyumbani wapi, mwanangu?"

"Hapa hapa, njooni."

Mtu aliyeshikwa na hofu hudhani dunia nzima inauona mlango wake. Ndipo Sikio akabuni njia yake. Alimwambia mpigaji asikate, aisogeze simu dirishani. Kisha, kwenye redio, alimwamuru dereva awashe king'ora na kuingia mtaani polepole. Yeye akafumba macho, akakisikiliza king'ora kile kupitia simu ya mtu asiyemjua. "Unakuja. Unakuja. Umempita, dereva, rudi. Kata kushoto. Hapo hapo, shuka." Gari lilitafuta kama kipofu, na yeye alikuwa mkono ulioshika bega lake.

Njia hiyo iliokoa watu, lakini Sikio mwenyewe alijua ilikuwa kiraka. Simu za waya ndizo zilizokuwa zikichangia mfuko wa huduma ile, na kila waya uliokatwa ulipunguza tone. Wapigaji wakaongezeka, mfuko ukakauka. Hatimaye ikapitishwa tozo ndogo kwa kila laini ya mkononi, ikatwe kimyakimya kwenye salio, ili chumba kile kipate mitambo mipya. Ilikatwa kweli, lakini si kimyakimya. Mji mzima ulinung'unika, na aliyenung'unika kwa sauti kuliko wote alikuwa mume wake, fundi cherehani, mwenye simu ya laini mbili.

"Mimi naibiwa mara mbili," alisema, pini zikiwa mdomoni. "Laini ya wateja wanakata, laini ya ndugu wanakata. Na hao ndugu wenyewe hawanipigii."

"Siku ukianguka hapo kwenye cherehani utashukuru."

"Siku nikianguka nitakuita wewe. Mke wangu ni simu ya dharura, nalipa tozo ya nini?"

"Na nani atakuja kukubeba, baba watoto? Mimi?"

"Wewe hata chai nikiomba husikii."

Alisema kwa mzaha, akaendelea na pindo la suruali. Sikio akacheka naye. Lakini maneno yale yalimwingia kama sindano iliyosahaulika ndani ya nguo mpya, kwa sababu yalikuwa kweli. Sikio lake la kushoto, lile ambalo kwa miaka yote lilivaa hedifoni, lilikuwa linakufa.

Hakumwambia mtu. Alianza kuegemea upande, alianza kuwaambia wapigaji wajirudie, alianza kuitikia "ndiyo" kwa maneno ambayo hakuyapata. Nyumbani aliongeza sauti ya redio na kusema betri zimechoka. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Yeye hakuogopa kifo. Aliogopa kuinuka kwenye kiti kile. Alijiuliza, akipanda ngazi asubuhi: Sikio asiyesikia ni nani? Wangemwitaje?

Kilichomuumbua kilitokea mchana kweupe. Mama mmoja alipiga, mtoto wake amebanwa na pumu, wapo mtaa mpya ambao hata majina ya njia haujapewa. Sikio akafanya kama kawaida: simu dirishani, dereva awashe king'ora. Hedifoni zao zilikuwa za sikio moja. Lingine huachwa wazi kwa ajili ya redio. Akafumba macho, akangoja. Akakisikia. Kikapanda, kikajaa, kikawa karibu kabisa.

"Hapo hapo, dereva. Simama. Shuka."

Wakashuka na mkoba na mtungi wa hewa. Wakagonga milango. Watu wakatoka, wakawatazama. Hakukuwa na mtoto.

"Sikio," dereva alisema redioni, "hapa hakuna mgonjwa."

"Yupo. Nakisikia king'ora chako kama kiko mapajani mwangu."

Ndipo mwenzake wa meza ya pili akageuka. Huyu naye alikuwa na jina lake la utani, Redio: akiwashwa, hazimiki. Safari hii alisema kwa sauti ndogo. "Dada, hicho king'ora ni cha hapa chini, gerejini. Mafundi wanajaribu gari lililotoka matengenezo."

Ilikuwa hivyo. Sauti iliingia kwa dirisha lenye ubao. Sikio la kulia, lililo wazi, ndilo lililosikia. La kushoto, lenye simu, likajichukulia sifa. Mtu aliyebaki na sikio moja hupoteza dira: sauti anaipata, inakotoka hakujui. Na kwenye simu, mama wa mtoto alikuwa muda wote akisema jambo ambalo chumba kizima kilikuja kulisikia baadaye kwenye kanda: "Siwasikii. Jamani, bado siwasikii."

Redio alivuta simu ile mezani kwake, akamwomba mama atoke nje, amtaje jirani, duka, rangi ya ukuta, chochote. Wakampata. Mtoto alifika hospitali midomo imebadilika rangi, lakini akipumua. Siku ya tatu mama yake alipiga kuwashukuru wote, na Sikio akainuka kwenda kuosha vikombe.

Mkuu wa zamu alimwita ofisini, akafunga mlango, akaicheza kanda. Wakasikiliza. Alipoizima akauliza, "Umesikia mahali mama anaposema hawasikii?"

Sikio alitazama mikono yake. "Sijasikia."

"Niirudie?"

"Hata ukiirudia, mwanangu. La kushoto limekufa. Lilianza kufa siku nyingi."

Walipotoka, Redio alikuwa amesimama karibu na mlango kuliko inavyopaswa. "Kwa hiyo hadithi zangu zote zile, hukuwa unanidharau?"

"Nilikuwa nakuweka upande wa kushoto makusudi," Sikio akasema, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile akacheka, machozi yakimtoka.

Mkuu wa zamu hakumfukuza. Alimwondoa kwenye simu za sauti, basi. Lakini hakumdanganya pia: wakubwa wangetaka kujua kwa nini kuna mtu analipwa kwa kuketi, na yeye asingekuwa na jibu kwa muda mrefu. "Nipe nafasi nitafute," alisema. "Siahidi, Mama Sikio. Nitatafuta."

Zikafuata siku ambazo hakuwa na la kufanya ila kupanga vikombe na kusogeza maboksi. Maana maboksi yalikuwa yamefika, yamejaza ukumbi: mitambo iliyonunuliwa kwa ile tozo ya laini. Mafundi walitoboa kuta, wakavuta nyaya, wakaweka hata feni mpya. Sikio alipita katikati yao kama mgeni aliyekuja msibani akakuta wafiwa wanapaka rangi. Mitambo ile ingemwonyesha kila mpigaji kwa nukta kwenye ramani. Sanaa yake ya kusikiliza ving'ora haikuhitajika tena, hata kwa mwenye masikio mazima. Jioni alimwambia mumewe hivyo, na mumewe, ambaye sasa alijua yote na alikuwa amehamia kukaa kulia kwake mezani, alimkatia kipande cha chungwa.

"Kwani ulikuwa unataka watu wapotee ili wewe uwatafute?"

"Hapana."

"Basi kula chungwa."

Hakupenda jibu lile. Alilala nalo, na asubuhi alikuta ameshalikubali.

Siku ya mafunzo fundi wa mitambo, mwanamke mnene mwenye subira, aliwaonyesha nukta, kisha akawaonyesha kitu kingine. Mtu asiyeweza kusema, alisema, sasa ataweza kutuma meseji: bubu, kiziwi, aliyejificha na mwizi yuko sebuleni. Ujumbe utaingia hapa, na mtu wa hapa atajibu kwa kuandika. "Inahitaji mmoja wa kuikalia meza hii. Mwenye kujua kuuliza."

Mkuu wa zamu aligeuka. Alimtazama Sikio tu.

"Mimi?" Sikio akainua vidole vyake vinene. "Natumia kidole kimoja."

"Kidole kimoja hakivunji chawa," Redio akasema. "Ongeza cha pili, dada."

Akaongeza. Alijifunza kwa taabu, akiandikia meza tupu, mkuu wa zamu akijifanya mgonjwa kutoka chumba cha pili na kumtumia taabu za uongo, nyingine za kuchekesha. Alikuja kugundua kwamba kuandika nako kunasikika. Mtu mwenye hofu haweki nukta. Mtu anayezidiwa hufupisha. Anayekaa kimya baada ya swali anakuwa ama anafikiri ama anaanguka, na vituo hivyo viwili havifanani urefu. Lakini hayo yalikuwa majaribio. Bado ilibaki kujulikana kama meza ile itapata kazi ya kweli, au ni kiti walichomtafutia mzee wa watu akae.

Ujumbe wa kwanza wa kweli uliingia asubuhi moja ya jua kali, kahawa ikiwa bado haijapoa.

*nyuki wengi koo linavimba sauti imekwisha*

Kwenye ramani nukta ilikuwa imekaa pembeni mwa machimbo ya mawe, mahali pasipo nyumba wala jina la njia, ambapo king'ora kingezungushwa na kuta za mawe hadi kisijulikane kinatoka wapi. Kwa njia yake ya zamani, hata enzi za masikio mawili, mtu huyu asingepatikana. Hakuwa na sauti ya kutoa.

Redio aliwapa madereva njia. Sikio akaandika: *Tunakuona. Gari linakuja. Nyuki wameondoka?*

*ndiyo*

*Kaa kitako, egemea jiwe, usilale. Uko na mtu?*

*peke yangu*

*Uko nami. Una dawa ya mzio?*

*sina*

*Legeza shati shingoni. Pumua polepole. Nijibu hata herufi moja.*

*n*

Kisha kikaja kimya. Aliujua urefu wake, akaona umepita ule wa kufikiri. Akasimama bila kujua amesimama. *Gonga jiwe juu ya jiwe,* akaandika, kisha akageuka na kumwambia Redio awaambie waliofika waache king'ora na wasikilize kugonga. Hakujua kama mtu yule bado anasoma. Chumba kizima kiliigeukia meza yake, hata Redio, hata mkuu wa zamu aliyekuwa ametoka ofisini akiwa na karatasi mkononi ambayo hakuikumbuka tena.

Redioni dereva akasema, "Tunasikia mtu anagonga." Kisha, baada ya pumzi kadhaa ambazo zilikuwa ndefu kuliko barabara yote: "Tumempata. Amefumba macho ila anashika mkono wangu. Sindano imeingia."

Sikio akakaa. Mkuu wa zamu akamwekea mkono begani, upande wa kulia. "Wakiniuliza," akasema, "sasa nina jibu." Akarudi ofisini kwake na karatasi yake. Yalikuwa hayo tu. Redio akawasha mdomo, na Sikio, ambaye sasa meza yake ilikuwa kushoto kwa mwenzake, akasikia kila neno, na yote yalikuwa upuuzi, na akayapenda.

Zamu ilipoisha alasiri, alitoka getini akiwa na kitu kifuani ambacho hakikuwa furaha tu. Alitaka kumshukuru mtu. Lakini nani? Mitambo ile haikuwa ya tajiri mmoja wala ya mkubwa mmoja. Ilitoka kwenye salio la muuza mkaa, la mwanafunzi anayepiga vijisimu vya mapenzi, la mume wake mara mbili, la yule mchimba mawe wa nyuki mwenyewe, watu waliokatwa wakanung'unika na wasijue wamemnunulia nani pumzi. Mtu ataanzia wapi?

Nje ya geti, chini ya kibanda cha bati, fundi viatu alikuwa akigombana na mtu kwenye simu kuhusu kochi lililoletwa la rangi nyingine. Sikio akangoja amalize.

"Asante, kaka."

Fundi akamtazama. "Ya nini, mama? Hata viatu vyako sijavigusa."

"Ya laini yako."

Akaitazama simu, akamtazama yeye. "Laini yangu inadaiwa?"

"Haidaiwi. Imelipa."

"Haya, karibu," alisema fundi, kwa sauti ya mtu asiyetaka kumuudhi aliyepigwa na jua kichwani. "Keti upumzike basi."

Sikio alikuwa na kamba ya kiatu iliyolegea tangu wiki iliyopita. Akakivua, akampa, kisha akakivuta kigoda na kukihamishia upande wa pili wa fundi.

"Huko kuna jua, mama."

"Acha liwe. Sikio hili la kushoto halisikii, na nataka kuijua hiyo habari ya kochi."