Nyaya Mpya za Pikipiki ya Mama

Wiki iliyopita nilikuwa nyuma ya nyumba yangu hapa Kiomboi, nimefungua siti ya pikipiki kuukuu niliyonunua kwa jirani, nataka kuifungia boksi jipya la fyuzi. Nilipovuta waya wa zamani ikanijia harufu ya plastiki iliyoungua. Basi, rafiki yangu, nikaweka spana chini nikacheka peke yangu. Kwa mawazo nilikuwa nimerudi kijijini kwetu Iguguno, wakati wa kuvuna alizeti, nina miaka tisa.

Mama alikuwa afisa mifugo. Watu walimwita daktari wa ng'ombe, na alizunguka vijijini kwa pikipiki nyekundu aliyoinunua ikiwa imeshazeeka. Taa, honi, injini, vyote vilitegemea fyuzi moja ya kioo chini ya siti. Ikiungua, kila kitu kimekufa. Mafundi wa njiani wakikosa fyuzi waliizungushia ile iliyoungua karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara, safari ikaendelea. Siku moja tunatoka kuchanja ndama, mimi nimekaa nyuma, moshi ukafuka chini ya mapaja yetu. Tuliruka wote wawili hadi ndani ya shamba la mtama.

Baba aliposikia hakupiga kelele. Alisema tu kwamba amepata mnunuzi wa pikipiki kutoka Nduguti, atakuja Jumamosi.

"Akiikuta haijapona, aichukue," mama akajibu. "Ikipona, usinitajie tena mnunuzi."

Akamwita jirani yetu, fundi redio, ambaye hakuwahi kugusa pikipiki maishani mwake.

"Umeme ni umeme, dada," alisema akikuna kidevu. "Wa redio unaongea, huu unakimbia."

Waling'oa nyaya zote wakazitandaza kwenye turubai ambalo bibi alipigia alizeti. "Mmeniletea nyoka kwenye alizeti yangu!" bibi akalalamika, lakini hakuondoka, alikaa pale pale akikaanga karanga, harufu yake ikichanganyika na ya lehemu. Kila waya wa zamani ulilazwa, na mpya ukakatwa kwa urefu uleule. Vidole vyangu vilikuwa vyembamba, kwa hiyo kazi ya kupitisha nyaya chini ya tangi ikawa yangu. Halafu nikakabidhiwa fyuzi mpya nizichomeke, ndogo, za rangi rangi kama peremende.

"Kila kitu na fyuzi yake," mama alinieleza. "Taa ikipata shoti, injini haina habari."

Mnunuzi alifika tukiwa bado tunafunga tepu. Nikamwamkia shikamoo, bibi akampa maziwa ya mgando, akakaa kusubiri. Mama akapiga kiki. Kimya. Akapiga tena. Kimya. Ya tatu, injini ikanguruma, kuku wakatawanyika uwanja mzima! Taa ikawaka, honi ikalia. Fundi redio hakuridhika. Akauchomoa waya wa taa na kuugusisha kwenye chuma, makusudi kabisa. Tap! Taa ikazimika. Injini ikaendelea kunguruma kama haijasikia kitu.

Nilipiga yowe. Bibi akapiga vigelegele, mwiko mkononi.

Mnunuzi akasimama, macho yanang'aa. "Sasa ndiyo naitaka hasa! Naondoka nayo leo."

Nikamtazama baba. Baba alikuwa anamtazama mama, aliyejaa grisi uso mzima, anacheka kama msichana.

"Ndugu yangu, samahani kwa usumbufu," baba akasema. "Haiuzwi."

Mama akapanda pikipiki. Akamwambia baba, "Panda." Na baba, ambaye sikuwahi kumwona amebebwa na mtu, akapanda nyuma. Wakatoka wanapiga honi bila sababu, watoto wote wa mtaa tukawakimbiza hadi barabarani.

Uwanja ule sasa umejengwa maduka. Fundi redio ametangulia, na siku hizi redio ikiharibika watu wanaitupa. Pikipiki iliisha kipuri kimoja kimoja baada ya mama kustaafu. Baba naye hayupo tena. Lakini ukimuuliza mama habari za siku ile, hataji waya wala fyuzi. Anatabasamu, anasema, "Baba yako alinishika kiuno kwa nguvu, ungedhani naendesha ndege."