Bidoni Kichwani mwa Komisioneri

Sogea karibu unisikilize, wewe unayetaka kuanza kazi hii yangu ya kuwatafutia wageni nyumba hapa Kasongo. Watu wanatuita makomisioneri. Nitakueleza polepole namna nilivyowapata wafanyakazi ambao kampuni zao zinawahamishia huku, kwa sababu mimi hakuna aliyenieleza.

Mteja wangu wa kwanza wa namna hiyo alikuwa fundi wa minara ya simu. Kampuni ilimtoa Kindu ili ahudumie Kasongo na Kabambare. Nilimwonyesha nyumba ya matofali ya kuchoma, bati jipya, ua uliofagiwa vizuri. Nilisifu mpaka koo likakauka. Alipendezwa, akampigia mke wake simu, na mke akaomba kusema nami.

"Papa komisioneri, ya nyumba nimesikia. Maji iko wapi?"

"Iko karibu, mama."

"Karibu ya nani? Ya weye, ao ya miye mwenye kubeba?"

Nikakiri kwamba njia hiyo sijaipita. Mwenye nyumba ndiye aliyeniambia ni karibu, na yeye hajawahi kuchota maji tangu azaliwe. Mama yule akasema hatawaleta watoto wake mahali ambapo hata mwenye kuisifu nyumba haijui njia ya maji. Fundi naye akaniambia wazi kwamba bila familia yake hakai, ataomba arudishwe Kindu. Nilijua maana yake. Mafundi wengine walikuwa wakijiandaa kuhamia, na mkubwa wa biro yao, yaani ofisi yao, alikuwa ananipima kwa huyu wa kwanza. Akirudi, sitaitwa tena.

Asubuhi iliyofuata niliazima kwa dada yangu bidoni, dumu la lita ishirini, nikashuka chemchemini. Kwetu mwanaume akichota maji anayafunga kwenye baiskeli. Yangu niliiacha nyumbani makusudi, maana mama yule hakuwa na baiskeli. Nikajitwisha kichwani.

Wanawake waliokuwa wakichota walicheka mpaka mmoja akakaa chini.

"Papa, bibi yako alikukimbia?"

"Hakumukimbia, alimufukuza!"

"Mumuache! Kama kuko mwanaume mwingine wa hivi, munionyeshe, niolewe tena."

Nilicheka pamoja nao, maji yakinitiririkia machoni. Kilima kilikuwa kirefu kuliko nilivyodhani. Nilipumzika mara tatu, na nilipofika kwenye ile nyumba ya bati jipya shingo ilikuwa haigeuki. Nikarudi kujaza tena, nikaenda nyumba ya pili iliyokuwa tupu, ya matofali mabichi na bati lenye kutu. Huko sikupumzika hata mara moja.

Nikapiga simu, fundi akiwa kando yangu.

"Mama, kwenye nyumba ya kwanza nimepumzika mara tatu. Ya pili haipendezi, na bati inavuja upande wa jikoni, lakini mwenyewe amekubali kuibadilisha mbele hamujaingia. Huko nimefika bila kupumzika."

"Ulibeba weye? Kichwani?"

"Kichwani, mama."

Alicheka sana. Kisha akasema, "Ambia bwana yangu achukue ya pili. Tunakuja."

Alikuja na watoto wote, na fundi hakuomba kurudi. Baadaye mama yule ndiye aliyewasimulia wake wa mafundi wengine, nao wakanipigia simu kabla waume wao hawajafunga mizigo. Mkubwa wa biro akanipa na wale waliopelekwa Kabambare. Nilienda huko kwa pikipiki, bidoni tupu imefungwa nyuma, matope mpaka magotini, nikajiona mtu mkubwa kweli.

Sijawahi kuandika tangazo hata moja. Wale wanawake wa chemchemini bado wananitania, lakini siku hizi ndio wanaoniambia nyumba gani imebaki tupu. Najivunia bidoni hiyo kuliko wengine wanavyojivunia biro zao.

Basi kesho, kabla hujamwonyesha mgeni nyumba, jaza bidoni, ibebe kichwani kutoka chemchemini mpaka mlangoni, kisha umwambie mke wake umepumzika mara ngapi.