Kasa wa Dhahabu Mbele ya Wakwe

Ningeweza kukataa kuyafungua yale makasha ya sarafu. Mkwe alinichokoza mara moja tu, nami kwa majivuno nikatoa kisu mfukoni.

Sarafu zilikuwa tatu, mali ya binti yangu. Alikuwa akifanya kazi hotelini visiwani, katika nchi ndogo inayotoa sarafu za dhahabu zenye wanyama wa baharini kwa ajili ya watu wanaozikusanya. Zake zilikuwa na kasa, nyangumi na pomboo. Zilikuwa adimu, kila moja imezibwa ndani ya kasha la plastiki pamoja na cheti chake.

"Baba, usizifungue," aliniambia aliponiachia. "Nikimaliza mkataba nitaziuza, ninunue shamba la ndizi Mitunguu, nikae karibu nanyi."

Siku ya kupeleka mahari ya kijana wangu kule Laare, nilizibeba. Hazikuwa za kutoa. Nilitaka tu wajue tumetoka nyumba gani. Kwetu kinacholetwa kwa wakwe hufunguliwa mbele yao, na kitita cha miraa kilikuwa kimeshafunguliwa na kukaguliwa kijiti kwa kijiti. Ndipo baba wa bibi arusi akaelekeza fimbo kwenye makasha.

"Na hao kobe wako, mkwe, wanaogopa upepo?"

Wazee wakacheka. Nikakata plastiki. Sarafu zikapita mikononi mwao, mikono yenye mafuta ya mbuzi, na mmoja akamng'ata nyangumi.

"Ni dhahabu kweli," akasema. Kichwa kikanivimba.

Nyumbani nikaona zimechafuka. Nikazisugua kwa jivu na waya wa kusugulia sufuria, hadi jicho la kasa likafutika.

Binti aliporudi kuziuza, tulienda pamoja kwa mnunuzi Nairobi. Alizitazama kwa kioo, akazisukuma kwetu.

"Mzee, hizi hakuna atakayezikusanya tena. Zimebaki za kuyeyusha, na dhahabu yenyewe ni nyembamba kama ukucha."

Binti hakunigombeza. Njiani aliuliza tu, "Baba, ulitaka wakuone nani?"

Alirudi visiwani akatia sahihi mkataba mwingine, kisha mwingine. Akipiga simu nami nikapokea, huuliza mama yuko wapi. Nilimpotezea shamba lake, nami nikampoteza yeye.