Naomba Mnara Upunguzwe Nguvu

Siku uvumilivu uliponiishia, mamangu, aliyekuwa akinilelea mtoto, alipiga simu mara nne kutoka nyumbani, kati ya Bahati na Kabazi, na mara zote nikasikia maneno mawili tu: "Mtoto anachemka." Halafu simu inakatika. Ilibidi apande hadi kwa jirani juu ya mlima ndipo tukasikizana. Ni meno yalikuwa yanatoka. Hofu ikaisha, hasira ikaanza, kwa sababu aliniambia kwamba kule nyumbani netiweki ilikuwa imejaa mistari yote kwenye simu, na bado ikakatika.

Hiyo ni 2007. Nilikuwa na mtoto wa miezi saba, cheti cha Form Four, na kazi ya kupokea malalamiko kwenye kampuni ya simu mjini Nakuru. Tangu siku ya kwanza msimamizi alinifunza: mteja akisema simu inakatika, weka alama kwenye kisanduku cha "netiweki hafifu". Kisanduku kingine hakikuwepo. Fomu zikifika kwa mafundi, mnara unaongezwa nguvu. Malalamiko yakazidi, nami nikazidi kuweka alama. Kwa mkono wangu huu.

Siku hiyo nilipanda ngazi hadi kwa injinia wa eneo, mzee wa kilemba asiye na haraka.

"Mama Wambo," akasema, "krusedi mbili uwanja mmoja, utasikia mhubiri gani?"

"Hakuna."

"Basi waongezee spika."

Nikacheka bila kutaka. Akanieleza kwamba minara ya Bahati na Kabazi inatumia masafa yaleyale. Simu iliyo karibu na mnara haihitaji nguvu nyingi. Iliyo katikati inahitaji mnara mmoja ushushe sauti mwingine ukisema, kisha wapokezane. Kupanga zamu na kugawa nguvu, hiyo ndiyo kazi.

"Na mbona hamfanyi?"

"Makao makuu wanasoma fomu zako."

Nikashuka, nikapanga foleni kwenye dirisha langu mwenyewe. Msimamizi, aliyekuwa amenishikia dirisha, akaniambia niache mchezo, mimi ni mfanyakazi.

"Leo ni mteja," nikamwambia. "Nihudumie, boss."

Nimeshaacha kazi hiyo. Vijana mlio kwenye dawati hilo huniuliza kisanduku cha pili, cha "netiweki imezidi", kilitoka wapi. Kilitoka kwenye fomu niliyojaza siku hiyo, niliyoiandika pembeni kwa kalamu nyekundu na kugongewa muhuri wa kupokelewa:

"Netiweki si hafifu, imezidi. Naomba mnara wa Kabazi upunguzwe nguvu wakati wa Bahati unahudumia watu wa katikati, kisha wabadilishane. Anayelalamika: mama wa mtoto anayeota meno. Aliyekosea: mimi mwenyewe, dirisha la kwanza."