Shafti ya Upande wa Kushoto

Shemeji yangu alitoka chini ya gari langu, akapangusa mikono kwa kitambaa changu cha jikoni, akatoa hukumu bila hata kuniangalia.

"Giaboksi imekwenda," alimwambia mume wangu. "Hili sasa ni la kuuza kwa watu wa vyuma vikuukuu."

Mume wangu akaitikia kwa kichwa. Mimi nilikuwa nimeshika kisu cha vitunguu; nikakiweka chini kwanza.

Shemeji ni dereva wa trela. Amebeba makontena kutoka bandarini Kipevu tangu sijaolewa, na kwetu neno lake juu ya gari halirudishwi. Mume wangu ni mdogo wake, mwalimu wa chuo, mtu wa kusomesha watoto Kurani na kusema taratibu. Nilipouliza kama huenda ni kitu kidogo tu, labda shafti, kile chuma kinachozungusha gurudumu, shemeji alicheka.

"Shemeji, shafti ikikatika utaiona yaning'inia chini kama mkia. Mimi nimelala pale nimetazama, hapana kinachoning'inia. Jumamosi baada ya adhuhuri namleta mnunuzi."

Gari la nani? Langu. Nililinunua kwa biriani. Napika katika shughuli za watu, harusi na hitima, na gari lile kuukuu lilinibebea masufuria kutoka kwetu Utange mpaka Mikindani, mpaka Likoni kwa feri, bila kunitia aibu. Kabla yake nilikuwa namwomba shemeji huyo huyo lifti ya pikapu yake, na kuomba kwake kulikuwa na masharti. Uombe mapema. Usimharakishe. Ushukuru unapopanda na ushukuru tena unaposhuka. Biriani ikichelewa kwa sababu yake, lawama ni za mpishi. Gari likiuzwa, nilikuwa narudi kwenye masharti yale, na wallahi nilikuwa sitaki.

Lilikuwa limenifia nikitoka sokoni Kongowea. Kwa wiki kadhaa nilikuwa nikikata kona nasikia mlio kwenye gurudumu la mbele, ta-ta-ta-ta, nikinyoosha usukani unanyamaza. Shemeji alisema ni vijiwe. Siku ile nikaingia kichochoro chetu, pakalia kishindo kimoja, na gari likasimama. Injini hai, gia ipo, mafuta nakanyaga, gari haliendi mbele wala nyuma. Majirani wakalisukuma mpaka mlangoni.

Ijumaa wanaume walipokwenda msikitini nilitoka nikakaa ndani ya gari langu. Sikuwa na mpango wowote. Nilitaka kukaa nalo tu, na kama ni kulia nilie pasipo mtu. Nikaliwasha, nikaingiza gia, nikakanyaga mafuta kwa hasira. Mbele kushoto kukawa na mkwaruzo mbaya, na macho yangu yakaangukia mshale wa spidi. Ulikuwa unapanda. Kumi, ishirini, arobaini, nami niko mbele ya mlango wangu, kuku wa jirani wananipita.

Nilizima nikabaki nimeshika usukani. Nikaikumbuka blenda yangu ya nazi. Iliwahi kunifanyia vivyo hivyo: mota inalia, visu vimetulia. Kila mtu alisema mota imeungua, kumbe ni kile kipira cha chini kinachoshika visu kilikuwa kimelika. Sasa gari langu lilikuwa linaniambia jambo lile lile. Ndani kunazunguka, na mzunguko haufiki nje. Kama giaboksi imekufa, nani anausukuma mshale?

Mume wangu aliporudi nilimkalisha kwenye kiti cha dereva kabla hajavua kofia.

"Baba watoto, washa, weka gia, kanyaga. Huo mshale wasemaje?"

Alitazama. "Wasema twaenda."

"Twaenda wapi?"

Akatazama nje, akatazama mshale, akatazama nje tena. Uzuri wa mume wangu ni kwamba ukimpa dalili haoni haya kubadili kauli.

"Kaka ataudhika," alisema.

"Na audhike."

"Haya. Mwite fundi."

Fundi alikuja na pikipiki kutoka Changamwe, mtu wa bara, mwembamba, na gunia la spana mgongoni.

"Mathe, niaje!" akaniambia.

"Mathe ndiye nani? Mimi ni mama, na mama huamkiwa."

Akacheka kwa haya. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Sasa tazama gurudumu la kushoto, usitazame kwengine."

Akalipiga jeki, akaniambia niingize gia polepole huku yeye akichungulia. Haukupita muda akapiga kelele nizime. Alituita sote wawili tuinamie. Nyuma ya gurudumu palikuwa na mfuko wa mpira mweusi, umepasuka ubavuni, grisi yote imekwisha na mchanga wa Utange umeingia. Chuma kilikuwa kimesagika kikakatikia ndani ya ule mpira. Kipande cha ndani kinazunguka, cha nje kimelala.

Ndipo nikaelewa kosa la shemeji. Trela husukumwa na magurudumu ya nyuma, kwa shafti ndefu inayopita chini ya tumbo. Gari langu huvutwa na ya mbele, kwa shafti mbili fupi, kila moja imejificha nyuma ya tairi lake. Yeye alikwenda kutafuta mkia kwa mnyama asiye na mkia. Nilicheka mpaka nikashika ubavu.

Kazi ilikuwa kuitoa. Katikati ya gurudumu kuna nati kubwa, na yangu ilikuwa imeshika kutu. Gari likashushwa chini, mume wangu akakanyaga breki, fundi akatia spana, akaiongezea paipu ndefu, akaning'inia. Haikutikisika. Aliruka juu yake kama nguo inayopigwa na upepo. Mwisho akanitazama, akaona haya kusema.

"Sema tu," nikamwambia, nikavua ndala.

Mimi si mtu mwepesi. Shemeji amenitania mwili huu miaka yote, kila shughuli, mbele za watu. Nilijifunga leso kiunoni, nikashika paa la gari, nikapanda juu ya paipu kwa miguu miwili. Nati ikalia kwa sauti kali, ikalegea. Nilimshukuru Mungu kwa kila kilo.

Asubuhi ya Jumamosi mimi na fundi tulikuwa kwenye maduka ya spea Magongo, shafti mbovu ndani ya gunia. Muuzaji alileta moja iliyotumika Japani, akaapa ni yenyewe. Nilizilaza mbili pamoja juu ya kaunta. Urefu ulilingana, ila meno ya nchani hayakufanana.

"Mama, hiyo itaingia tu," alisema.

"Mimi huchambua mchele punje kwa punje. Lete nyingine."

Akaleta nyingine. Meno sawa, urefu sawa, mpira mzima. Niliuzungusha ungio wake, pale shafti inapopinda, kwa mkono huku na huku, ukawa laini, haukucheza. Tukarudi mbio.

Fundi alibadilisha sili inayozuia oili isivuje, akaisukuma shafti ndani ya giaboksi mpaka ikajibu *tak* na kukaa. Akarudisha gurudumu, akaongeza oili badala ya ile iliyomwagika, na nati ilipofika pa kukazwa sikungoja kuombwa. Adhana ya adhuhuri ilitukuta tunanawa mikono.

Baada ya sala tulilipeleka kwenye uwanja ulio wazi nyuma ya nyumba. Lilikwenda! Mume wangu alikaa kando yangu, kichwa nje ya dirisha, sikio kwenye gurudumu.

"Kata usukani mpaka mwisho, mama," fundi alipaza sauti. "Shafti mgonjwa hulia kwa kona."

Nilikata kushoto mpaka mwisho, nikazunguka. Nikakata kulia, nikazunguka tena. Vumbi lilipaa, watoto wakatukimbilia, na gurudumu halikutoa hata mlio mmoja. Kifua kilinijaa furaha ambayo sikujua niiweke wapi. Nikateremsha kioo, nikapiga kigelegele kirefu, kile ninachokiweka kwa ajili ya watu wangu wa damu tu.

Nyumba ya kwanza ikaitikia. Kisha ya pili, kisha ya upande wa pili wa uwanja, kina mama ambao hata hawakujua wanashangilia nini. Jirani yangu akatoka mbio, mikono imejaa unga. Wakati huo huo shemeji alikuwa akishuka kwenye lori, mnunuzi wake nyuma yake ameshika mnyororo wa kuvutia.

"Harusi ya nani, shoga?" jirani akauliza.

Nilisimamisha gari katikati yao.

"Hapana harusi," nikasema. "Shemeji yangu kaleta mchumba, mwari kamkataa."